Reli ya Kati, Stesheni Zake na Waliozijenga

 Kamati ya kitabu hiki cha kumbukumbu iliniomba niandike neno kuhusu historia ya mji wetu, nami nimeichagua stesheni ya reli. Huenda msomaji akauliza: mandir na stesheni vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Ukitoka Kisutu kwa miguu, ukaipita mitaa ya Uhindini kuelekea bandarini, kwa mwendo wa robo saa hivi utalifikia jengo la zamani la Stesheni. Kutoka hapo familia nyingi za jumuiya yetu zilipanda gari moshi kwenda Morogoro, Kilosa, Dodoma, Tabora na Kigoma kutafuta riziki. Hapo hapo zilishuka watoto wao walipotumwa mjini kusoma, kuoa au kutibiwa.

Nina sababu nyingine ya kuchagua jambo hili. Katika sherehe zetu husikika mara kwa mara kauli ya kwamba babu zetu waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli hii. Vijana wetu huirudia kwa fahari katika hotuba zao. Kauli hiyo ni ya kweli kwa reli nyingine, lakini kwa Reli ya Kati si ya kweli. Kwa kuwa kitabu hiki husomwa pia na majirani ambao mababu zao ndio waliobeba reli na mataruma mabegani, ni wajibu wetu kuyaweka mambo mahali pake. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi ni mfanyabiashara tu, sikusoma zaidi ya sekondari; lakini mfanyabiashara anajua umuhimu wa kuandika hesabu sawasawa, kila deni kwa jina la mwenye kudai.

Kabla ya gari moshi

Kabla ya reli, njia ya kwenda bara ilianzia Bagamoyo. Misafara ya wapagazi iliondoka pwani ikiwa imebeba merikani, kaniki, shanga na masango ya waya, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilirudi na pembe za ndovu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, na safari ilichukua miezi. Wapagazi mashuhuri kupita wote walikuwa Wanyamwezi, ambao walizijua njia hizo kwa vizazi vingi na walihesabu safari ya pwani kuwa sehemu ya utu uzima wa kijana.

Wazee wetu walikuwapo katika biashara hiyo, lakini wengi hawakutembea na msafara. Walikaa Unguja na Bagamoyo, wakitoa mali kwa mkopo na kungojea pembe zirudi. Walikuwa wamefika kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka bandari za Kutch na Kathiawar, kama vile Mandvi, Porbandar na Jamnagar. Anayekumbukwa zaidi Bagamoyo ni Sewa Haji Paroo, aliyezipatia shehena na wapagazi safari nyingi za bara, akafa mwaka 1897. Mali yake ilisaidia hospitali, na jina lake linatajwa Muhimbili hadi leo. Wengine, kama Allidina Visram, walifungua maduka kuifuata njia ya misafara hadi ndani kabisa, na baadaye hadi Uganda.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa ndogo. Sultani Majid wa Unguja alianza kuijenga katika miaka ya 1860, na baada ya kifo chake mwaka 1870 mji ulidorora. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, kwa sababu ya bandari yenye kina na utulivu. Lakini makao makuu bila njia ya kwenda bara ni sawa na duka lisilo na mlango wa nyuma wa kupokelea bidhaa. Kwa hiyo wakaamua kujenga reli.

Mikono iliyotandaza reli

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwezi Februari mwaka 1905. Fedha zilikusanywa kwa uongozi wa Deutsche Bank, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Njia ilikuwa ya upana wa mita 1. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya mbao yangeliwa na mchwa. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Urefu wake wote ni takriban kilomita 1,250.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Wahandisi na wasimamizi wakuu walikuwa Wazungu, na miongoni mwa makandarasi wadogo walikuwamo Wagiriki wengi. Lakini waliochimba udongo, waliopasua mawe, waliojaza matuta katika mabonde ya Ruvu na waliokata njia katika bonde la Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe walikuwa Waafrika wa nchi hii. Walikuwamo wa makabila mengi, na Wanyamwezi walikuwa wengi sana, kwani walikuwa tayari wamezoea kwenda mbali na nyumbani kutafuta ujira. Fikirini jambo hili: watu walioishi kwa kubeba mizigo ndio waliojenga kwa mikono yao chombo kilichoiondoa kazi ya kubeba mizigo. Behewa moja la tani 10 lilichukua mzigo wa wapagazi zaidi ya 300.

Wala si wote waliokwenda kwa hiari. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeweka kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, na kodi ilitakiwa ilipwe kwa fedha. Asiyekuwa na mazao ya kuuza alilazimika kuuza nguvu zake. Mwaka ule ule wa 1905 ambao reli ilianza kujengwa, vita vya Maji Maji vililipuka kusini mwa nchi, na moja ya chanzo chake ilikuwa kazi za shuruti. Homa, maporomoko na uchovu viliwaua wengi waliofanya kazi njiani. Nimepita katika stesheni nyingi za reli hii, na sijaona ukuta hata mmoja wenye majina yao.

Kauli ya kwamba Wahindi walijenga reli imetoka Kenya. Huko, kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walijenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu, na waliwaleta wafanyakazi wa mkataba karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirejea kwao mikataba ilipokwisha, na chini ya 7,000 wakabaki Afrika Mashariki. Hao wanastahili heshima yetu yote. Lakini wengi wetu tunaotoka Gujarat si wajukuu wao, na heshima yao haipaswi kuhamishwa kilomita mia kadhaa kusini, juu ya vichwa vya Wanyamwezi.

Duka lilifuata reli

Basi babu zetu walifanya nini? Walileta duka. Kazi hiyo nayo haikuwa ndogo, na haina haja ya kupambwa kwa kazi ya mwingine.

Kila reli ilipofika mahali, palikuwa na watu wenye ujira mfukoni na hawana pa kununulia chumvi, kitambaa, sabuni, sukari na mafuta ya taa. Ujira wenyewe ulilipwa kwa rupia, kwa kuwa fedha ya koloni la Kijerumani ilifuata mfano wa rupia ya Bara Hindi iliyokuwa ikitumika pwani yote. Mwaka 1904 Wajerumani waliibadilisha sarafu ndogo: badala ya pesa 64, rupia ikawa na heller 100. Kila Mtanzania anayesema leo kwamba hana hela analitamka neno lililotoka katika sarafu ile.

Mwenye duka alikuja na masanduku yake kwa gari moshi, akajenga kibanda cha mabati mkabala na stesheni, akalala nyuma ya mbao za rafu. Aliuza rejareja, na alinunua pia: karanga, ufuta, mtama, ngozi, nta, asali. Alivipeleka pwani kwa behewa lile lile lililomletea vitambaa. Hii ndiyo sababu miji mingi ya Reli ya Kati imepangwa kwa namna moja. Katikati ipo stesheni. Mbele yake ua mpana. Kando yake ghala la mizigo. Na kuanzia hapo mtaa wa maduka yenye baraza, ambao mara nyingi huitwa Mtaa wa Stesheni. Palipokuwa na maduka ya kutosha zilijengwa shule, jamatkhana, misikiti na mandir. Morogoro, Dodoma na Tabora zina mandir kwa sababu zina stesheni.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza, ndipo watu wa asili ya Bara Hindi walipoingia kwa wingi katika reli yenyewe: wakuu wa stesheni, makarani wa tiketi na mizigo, wapiga telegrafu, magadi na madereva wa injini. Katika stesheni nyingi ndogo mkuu wa stesheni na wenye maduka mawili matatu ndio waliokuwa jumuiya yote ya Kihindi ya mahali hapo. Waliadhimisha Diwali pamoja, na daftari mpya za hesabu zilifunguliwa kwa sala katika chumba kimoja, huku majirani Wagogo au Wakaguru wakiletewa sahani ya vitamutamu. Anayetaka kujivunia sehemu yetu katika reli, ajivunie hii. Ni ya kweli na inatosha.

Jinsi stesheni zilivyojengwa

Sasa niseme juu ya majengo, kwa kuwa jengo ni shahidi asiyeweza kuhongwa.

Stesheni ya Dar es Salaam ipo mahali ambapo mji wa zamani uligawanyika. Upande mmoja ipo bandari, ambayo ndiyo sababu ya reli kuanzia hapo. Upande wa pili ipo mitaa ya Uhindini, na nyuma yake Gerezani, ambako wafanyakazi wa reli walijengewa makazi. Mbele zaidi ni Kariakoo. Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati kwenye biashara, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Stesheni ilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambapo watu wa kanda zote tatu walilazimika kukutana, kwa kuwa gari moshi ni moja.

Hata hivyo hawakukutana kwa usawa. Mabehewa yalikuwa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, na wakati wa ukoloni madaraja hayo kwa desturi yaligawa watu kwa rangi: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Mgawanyo huo uliingia hata katika kuta, kwani vyumba vya kungojea vilifuata daraja la tiketi, na abiria wa daraja la tatu, waliokuwa wengi kuliko wote, mara nyingi walingojea uani au barazani juu ya mizigo yao. Baadhi ya baba zetu walisafiri daraja la pili wakiamini kwamba ndiyo stahili yao. Tukiyasoma majengo haya kwa uaminifu, tusiiruke sura hiyo.

Stesheni ndogo za bara zilijengwa na watu waliojua jua na mvua ya nchi hii. Kuta ni nene ili joto lichelewe kuingia. Dari ziko juu. Paa limetoka nje ya kuta kwa upana, na hivyo kufanya baraza yenye kivuli mchana kutwa. Madirisha yanaelekeana ili upepo upite. Ndani kuna ofisi ya mkuu wa stesheni, dirisha la tiketi, na chumba cha vifurushi. Ghala la mizigo lina sakafu iliyoinuliwa kufikia usawa wa sakafu ya behewa, ili hamali aingize gunia bila kulinyanyua tena. Hilo ni jambo dogo, lakini aliyewahi kupokea magunia 200 ya karanga kwa siku moja anajua thamani yake. Kwenye stesheni kubwa ulijengwa mnara wa tangi la maji, kwa sababu injini za mvuke zilikuwa na kiu kama ngamia, na nchi kati ya Dodoma na Tabora ni kavu.

Njia ni moja tu, hivyo treni mbili zinazoelekeana hupishana stesheni peke yake, moja ikisubiri kwenye njia ya pembeni. Hakuna treni inayoruhusiwa kuondoka mpaka mkuu wa stesheni ya mbele akubali kwamba njia ni tupu. Kwa hiyo kila stesheni, hata ile yenye nyumba tano tu, iliunganishwa na nyingine kwa waya. Mwenye duka wa Kilosa aliweza kuulizia bei ya ngozi Dar es Salaam kwa waya.

Ukisonga mbele majengo yanabadilika. Morogoro, mkabala na stesheni, Wajerumani walijenga hoteli ya wasafiri ambayo baadaye ilijulikana kama Savoy. Dodoma nayo ikapata hoteli yake mbele ya stesheni. Tabora walijenga stesheni yenye paa la mteremko mkali kama za kwao Ujerumani, ingawa theluji haijapata kuanguka Unyamwezi. Na Kigoma, mwisho wa reli, walijenga stesheni ya fahari kupita nyingi, nyeupe na yenye matao, iliyotazama ziwa. Huko Kigoma ndiko meli iliyotengenezwa Papenburg nchini Ujerumani ilikofikishwa kwa reli ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa na kuingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Leo tunaiita MV Liemba.

Vita, migomo na mabadiliko

Mwaka 1916 vita vilifika kwenye reli. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja na kuharibu injini. Majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Dodoma mwezi Julai, Morogoro mwezi Agosti, na Dar es Salaam mwezi Septemba. Wabelgiji wakaingia Tabora mwezi huo huo. Pale ambapo reli ilikuwa imevunjwa, mpagazi alirudi kazini. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubebea majeshi mizigo, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Kikosi chao cha wabeba mizigo, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, kilipiga kambi karibu na stesheni yetu, na watu wakaliita eneo hilo Kariakoo. Kila tunapotaja jina la soko tunalofanyia biashara, tunawataja wapagazi.

Reli ilitengenezwa upya, na mwaka 1928 tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda. Stesheni zikawa pia mahali pa kudai haki. Mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 ulienea katika reli na kupanda nayo hadi bara, stesheni hadi stesheni. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Kasanga Tumbo kiligoma kwa siku 82. Magunia yalilala maghalani na wafanyabiashara walipata hasara. Lakini waliogoma walikuwa watoto na wajukuu wa walioijenga, na mwaka uliofuata nchi ikawa huru.

Baada ya uhuru kazi za reli zilishikwa na wananchi wa Kiafrika, kama ilivyostahili. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yalipotaifishwa, familia nyingi za Kihindi ziliondoka katika miji ya reli. Baadhi walihamia hapa mjini, wengine Uingereza na Canada. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, likaundwa Shirika la Reli la Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, na ubia huo ukamalizika mwaka 2011. Katikati ya hayo, mafuriko ya Mkondoa yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe mwanzoni mwa mwaka 2010. Wala hatuwezi kuwasahau watu 281 waliopoteza maisha karibu na Igandu tarehe 24 Juni 2002, treni iliporudi nyuma mteremkoni na kuigonga nyingine.

Stesheni yetu ya Dar es Salaam ilipata uhai mpya mwaka 2012, treni ya abiria wa mjini ilipoanza kwenda Ubungo, na watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo: treni ya Mwakyembe. Kisha, jirani na jengo la zamani, likasimama jengo la vioo la reli mpya ya umeme, yenye njia ya upana wa mita 1.435, lililobuniwa kwa sura ya jiwe la tanzanite. Safari za Morogoro zilianza mwezi Juni 2024 na za Dodoma mwezi Julai. Dodoma, ambayo zamani ilikuwa safari ya usiku kucha, sasa hufikiwa kwa chini ya saa nne. Ni jambo la fahari kwa taifa letu, nami nimeipanda kwa furaha.

Kilichobaki mikononi mwetu

Lakini reli mpya haipiti kila mahali ilipopita ile ya zamani. Stesheni mpya za Morogoro na Dodoma zimejengwa nje ya katikati ya mji. Treni ya haraka huzipita stesheni ndogo bila kupunguza mwendo. Mitaa ya maduka iliyojengwa kuzielekea stesheni za kale sasa inaangalia uwanja wenye abiria wachache, na majengo yenyewe yameanza kuchoka: bati limetoboka, chokaa imebanduka, mbao za madirisha zimetolewa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa rasmi. Stesheni za Reli ya Kati zote ni za karne ya 20, kwa hiyo zinahitaji watu wa kuzisemea. Sisi tunaoishi katikati ya jiji hili tumeona jinsi nyumba za kale zinavyotoweka kwa wiki moja kupisha ghorofa, na hatungojei kufundishwa jambo hilo.

Naomba jumuiya yetu ifanye mambo matatu. Kwanza, familia zilizotoka katika miji ya reli zitoe kwa kamati nakala za daftari za hesabu, hati za mizigo, tiketi na picha zilizobaki kabatini. Mchwa hawakuweza kula mataruma ya chuma, lakini karatasi wanaila. Pili, vijana wetu wenye simu nzuri wapande treni ya zamani, washuke Kilosa, Gulwe, Manyoni na Tabora, wazipige picha stesheni hizo na kuwauliza wazee wa hapo, wa kila kabila na kila dini, ni nani waliofanya kazi reli, kisha waandike majina. Tatu, jumuiya yetu ijiunge na wote watakaoiomba Serikali iyatangaze majengo hayo kuwa urithi wa taifa, na ikiruhusiwa, tuchangie bamba la kumbukumbu katika Stesheni yetu hapa Dar es Salaam kwa ajili ya wajenzi wa Kiafrika wa Reli ya Kati.

Inueni macho mkipita mitaa ya Uhindini. Juu ya paji la nyumba nyingi za kale mtaona jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa, vimechongwa kwa saruji. Wazee wetu walipenda kuandika majina yao juu ya walichokijenga, na hakuna ubaya. Kwa sababu hiyo hiyo, sisi hasa ndio tunaopaswa kuelewa ni hasara gani kwa mtu kujenga kilomita 1,250 na jina lake lisiandikwe popote. Tukilipa deni hili, hatutapungukiwa na kitu. Tutabaki wenye duka waliofuata reli, na majirani wema wa watu walioijenga.

Nawatakia wote maadhimisho mema. Mola aijalie mandir yetu umri mrefu, aujalie mtaa wetu amani, na aibariki Tanzania.